Makaa Yasiyo na Moshi

Mimi nilizaliwa Kisoko, kwenye mtama na mihogo, mahali ambapo samaki alitufikia akiwa amekwisha kukauka, ndani ya gunia, nyuma ya baiskeli. Mambo ya ziwa nilijifunza baada ya kuolewa Busia, na aliyenifundisha hakuwa mume wangu. Alikuwa dada yake. Wifi yangu huyo alikuwa ameachana na mumewe, amerudi kwa mama yake na nguo zake na kisu cha samaki, na tangu siku niliyoingia katika boma lile alinichukua kama mtu aliyekuwa akingojewa. Aliniambia, "Wifi, hapa kwetu mtu hali kwa kulima peke yake. Twende ziwani."

Basi tukawa wawili. Tulinunua mukene huko Majanji, wale dagaa wadogo wa ziwa ambao ng'ambo, upande wa Kenya, wanawaita omena. Tuliwaanika palepale mwaloni, boti zinapotia nanga, tukawauza Busia, na wakikauka vizuri sana tuliwafikisha hadi soko la Tororo. Wifi alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko. Alikuwa anaweza kuingiza mkono ndani ya beseni la mukene, akawanusa, akakuambia walivuliwa usiku huo au walilala ndani ya boti. Nahodha mmoja wa kule, mwanamume wa ukoo wa mume wangu, alimwogopa kwa sababu hiyo. "Dada," alikuwa akimwambia, "wewe ungeolewa na polisi."

Mukene huvuliwa usiku wa giza, wakati hakuna mbalamwezi. Boti hutoka jioni na taa zake, hurudi alfajiri. Asiyekuwa ufukweni boti inapogonga mchanga atapata mabaki, au atapata waliopondeka. Kwa hiyo wiki za giza tulilala kulekule, katika kibanda cha mabati tulichopanga, chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha hakuna. Zaidi ya nusu ya wachuuzi walilala katika vibanda kama hicho. Watu wa mbali wakisikia mwalo wa ziwa huku kwetu huwaza joto. Hawajawahi kulala ndani ya mabati wiki ya mvua, upepo ukitoka majini, nguo zako zikinuka samaki na zimelowa, na chini ni udongo mtupu. Baridi ya pale haiui mara moja. Inakaa mifupani, na asubuhi vidole vinakataa kufunga fundo la gunia.

Mwaka ule tulikuwa tumechoka na baridi hiyo. Wifi alipata turubai kuukuu la lori kutoka kwa mtu wa Malaba, tukalipigilia ndani kuzunguka kuta zote. Matundu ya misumari tuliyaziba kwa vipande vya kaveera, ile mifuko ya plastiki. Pale juu, kati ya ukuta na paa, upepo ulipokuwa unaingia kama mgeni asiyebisha hodi, tulishindilia magunia. Tulipomaliza tukafunga mlango, tukasimama gizani katikati ya chumba, tukasikiliza. Upepo ulikuwa nje unazunguka, haupati pa kuingia. Wifi akapiga makofi. "Sasa hii ni nyumba," akasema.

Siku yenyewe mvua ilitukuta mukene wakiwa wamekauka nusu. Mchuuzi wa mukene anajua maana yake. Wakinyeshewa katika hali ile, wanakuwa chakula cha kuku. Tulikimbia ufukweni kama vichaa, tukikunja nyavu tulizowaanikia, tukiburuta, tukifunika. Mvua ile ilikuja na mawe. Tulipomaliza kuokoa tulichoweza hapakuwa na uzi mkavu mwilini mwetu. Wifi meno yalikuwa yanagongana hata hawezi kuongea, na yeye kutoongea lilikuwa jambo la kutisha.

Jirani yetu pale mwaloni alikuwa mama mmoja mpishi. Nyumbani kwake ni ng'ambo, upande wa Kenya, ila miaka mingi alikuwa anakuja kupikia wavuvi na wachuuzi, maharage na posho, yaani ugali wa mahindi, na asubuhi uji. Wote tulimwita Mama Uji. Usiku huo alitupa sahani zetu za maharage, akatutazama tunavyotetemeka, akatikisa kichwa.

"Mabinti zangu, mtakufa na baridi," alisema. "Chukueni jiko langu. Mimi nimeshamaliza kupika."

"Na wewe, mama?" nikamuuliza.

"Mimi nina blanketi mbili na nyama yangu mwenyewe," akacheka, akajipiga nyonga. Akachukua vitambaa viwili, akabeba lile jiko mwenyewe mpaka mlangoni petu. Makaa yalikuwa mekundu yote, yana jivu jembamba jeupe juu. "Yamekolea. Mkiona makaa yana moshi ndiyo mbaya, haya hayana moshi hata kidogo."

Na kweli hayakuwa na moshi. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu watu wengi baadaye walitucheka kwamba tulilala na moshi. Mimi nimekulia jikoni, moshi naujua. Mama yangu mzazi alitufundisha tukiwa wadogo kwamba sigiri, jiko la makaa, huwashwa nje, huachwa mpaka moshi uishe, ndipo huingizwa ndani. Wifi alifundishwa hivyohivyo na mama yake. Mama Uji, mtu wa nchi nyingine kabisa, alijua hivyohivyo. Sote tulikuwa na sheria moja, na tuliifuata.

Tuliliweka jiko katikati. Tukatundika leso zetu kwenye kamba juu yake. Joto lilipotufikia, nilihisi kama mtu amenivua baridi kama anavyokuvua koti. Tulikula maharage yetu tumekaa karibu, magoti yakigusana. Baada ya muda wifi akasema, "Kichwa kinanigonga kama nimekunywa pombe ya malwa." Akacheka. Mimi pia nilikuwa na uzito fulani katika paji la uso, nikaona ni uchovu. Yeye alilala upande wa ndani, ukutani, kwa sababu ndiye aliyekuwa amelowa zaidi. Mimi nililala upande wa mlango.

Kinachofuata katika kumbukumbu yangu ni mchanga. Mchanga mdomoni, mvua nyembamba usoni, anga la kijivu, na nyuso za watu zimenizunguka zinatazama chini. Hakuna kitu kati ya kulala na mchanga. Si ndoto, si giza. Ni kama mtu alikata kipande cha maisha yangu kwa mkasi akaziunga ncha mbili.

"Huyu iko hai!" mwanamke mmoja akapiga kelele kwa Kiswahili cha kule mwaloni. "Huyu moja naangalia!"

Nilitaka kuuliza kuna nini. Ulimi haukwenda. Nikageuza kichwa, na kichwa kikaniuma kiasi kwamba nilidhani kimepasuka, nikamwona wifi kando yangu. Alikuwa amelala chali, miguu imenyooka, mtu amemfunika leso mpaka kifuani. Mdomo wazi. Alikuwa na rangi nzuri usoni, nzuri kuliko siku zote, kama mtu aliyetoka kupakwa mafuta. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Nilijua maiti haina rangi ile, na nilijua vilevile kwamba hakuwa anapumua kama mtu anavyopumua.

Nahodha, yule shemeji yangu, ndiye aliyetutoa. Nilisimuliwa baadaye. Boti yake iligonga mchanga alfajiri, akashangaa kutomsikia wifi akimtukana kwa kuchelewa. Akatuma salamu, hakuna jibu. Akaja mwenyewe, akabisha, akaita. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akaupiga teke ukang'oka na fremu yake. Alisema alitukuta tumelala vizuri kabisa, kama watu wenye amani, jiko katikati limekwisha kuwa jivu. Alinishika mimi kwanza kwa sababu nilikuwa karibu na mlango, pua yangu iko kwenye mwanya wa chini ya mlango ambao hatukuona haja ya kuuziba.

Lakini pale mchangani sikuyajua hayo. Nilichosikia ni watu.

"Wamelishwa sumu."

"Jana nani nawapatia chakula?"

"Ni ile mama ya ng'ambo."

Niliona umati ukigeuka. Ni kitu cha ajabu kukiona ukiwa umelala chini, kwa sababu unachoona ni miguu. Gambuti, ndala, miguu mitupu yenye matope, yote iligeuka upande mmoja kwa pamoja ikaondoka. Nikasikia sufuria ikianguka. Mtu alimwaga maharage yaliyobaki mchangani, mwingine akapiga kelele kuku wasiyaguse, mwingine akasema waacheni wayaguse tuone. Kati ya sauti hizo nikamsikia Mama Uji, si kwa kulia, kwa kuuliza tu, tena na tena: "Nimefanya nini? Jamani, nimefanya nini?"

Nilijaribu kusema maharage hayakuwa na neno, tulikula wote, hata yeye alikula. Nilichotoa ni sauti kama ya ndama. Mwanamke aliyekuwa ameshika kichwa changu akasema, "Unaona? Nalilia maumivu ya tumbo."

Nahodha akapaza sauti kuliko wote. "Kesi baadaye! Hawa watu wapelekwe hospitali kwanza!"

Gari lililokuwapo lilikuwa pikapu ya mnunuzi wa sangara, limekwisha kupakiwa. Mbele hapakuwa na nafasi ya abiria. Walitulaza nyuma, juu ya gunia, kati ya masanduku ya barafu na samaki, na nahodha akakaa na kichwa cha wifi mapajani mwake. Barabara ile ina mashimo. Kila shimo barafu ilimwagika kidogo ikaniangukia shingoni, na kila mara niliamka zaidi. Upepo ulikuwa unatupiga wazi. Daktari alituambia baadaye kwamba huo upepo wa nyuma ya pikapu ulitusaidia, kwamba tungefungiwa ndani ya gari na vioo vimepandishwa, pengine mambo yangekuwa mengine. Mimi wakati ule nilikuwa namtazama nahodha tu. Alikuwa ameweka kiganja mbele ya pua ya wifi, na sura yake ilikuwa inabadilika kila pumzi.

Hospitalini Tororo muuguzi aliuliza maswali aliyotarajiwa kuuliza. Tulikula nini. Tulitapika? Tuliharisha? Nahodha akajibu kwa niaba yetu: hapana, hapana. Muuguzi akamfunua wifi kope, akamtazama kucha. Kisha akaniinamia mimi.

"Mlilala na moto ndani?"

Ulimi wangu ulikuwa umeanza kurudi. "Sigiri," nikasema.

"Mlango?"

"Tulifunga."

"Dirisha?"

Nikatikisa kichwa. Akaondoka mbio, akarudi na mwenzake wanasukuma mtungi wa oksijeni. Walimvalisha wifi barakoa ya hewa kwanza, halafu wakatafuta mtungi mwingine kwa ajili yangu.

Nilimwambia muuguzi kupitia barakoa yangu, "Lakini hayakuwa na moshi."

Aliniangalia kwa namna ambayo sijaisahau. Hakuwa na hasira wala dharau. Alionekana kuchoka, kama mtu aliyesikia neno hilo kutoka kwa watu wengi, wengine wakiwa ni ndugu wa marehemu.

"Dada, kinachoua si moshi," akasema. "Moshi ungewaamsha, mngekohoa, mngetoka. Makaa yakiwa mekundu hivyo yanatoa hewa nyingine. Haina rangi, haina harufu. Inaingia kwenye damu inakaa mahali pa hewa safi. Mtu anaumwa kichwa kidogo, anasinzia, basi. Mkiziba upepo wote wa nyumba, mmejifungia nayo."

"Hata yakikolea?"

"Hata yakikolea. Mpaka yawe jivu baridi."

Nililala pale natazama dari. Nilimfikiria mama yangu Kisoko akingoja nje moshi uishe, sisi watoto tumejipanga nyuma yake. Miaka yote ile. Nyumba yetu ilikuwa na paa la nyasi na kuta zenye mianya ambayo baba aliahidi kila mwaka kuiziba.

Ndipo nikamkumbuka Mama Uji. Nikamshika nahodha shati. "Piga simu mwaloni. Waambie si chakula."

Akatoka nje kupiga. Aliporudi uso ulikuwa umesawijika. Mwenyekiti wa mwalo alikuwa amemfungia Mama Uji katika ofisi yake, si kwa kumkamata, ila kwa sababu watu walikuwa wameanza kuokota mawe. Nahodha aliongea na mwenyekiti, kisha akaomba aongee na watu, simu ikawekwa spika kubwa. Akarudia maneno ya muuguzi. Anasema mtu mmoja akauliza kama ni kweli, maana hata yeye usiku ule alilala na sigiri na hakufa.

Jioni Mama Uji akaja. Alivuka maili zote hizo kwa bodaboda na chupa ya uji mkononi. Leso yake ilikuwa imechanika begani. Alisimama mlangoni mwa wodi, haingii. Nilimpungia mkono. Hakuja. Alimtazama wifi aliyekuwa bado hajaamka, ile barakoa usoni, akanitazama mimi.

"Wameniambia si maharage," akasema.

"Si maharage, mama. Pole sana kwa waliyokufanyia."

"Wameniambia ni jiko."

Nikampungia tena aje akae karibu.

"Ni jiko langu?"

Niliitikia kwa kichwa. Alikaa chini palepale mlangoni, sakafuni, chupa ya uji magotini. Asubuhi alikuwa karibu kupigwa mawe kwa jambo ambalo hakulifanya, na alikuwa amesimama. Jambo la wema alilolifanya kwa mikono yake ndilo lililomkalisha. Aliniambia, sauti yake chini, "Wajukuu zangu nawawekea jiko kama hilo. Kila wakati wa mvua. Nafunga mlango nawaambia laleni." Akaomba simu, akampigia binti yake ng'ambo, akaanza kumfokea atoe jiko nje, atoe sasa hivi, kabla hata ya kumsalimia. Binti alikuwa hajaliwasha bado. Mama Uji aliposikia hivyo ndipo alipolia.

Wifi aliamka siku iliyofuata. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza mukene wako wapi. Tulicheka mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha. Tuliruhusiwa, tukarudi Busia, mama mkwe akachinja jogoo, majirani wakaja kumshukuru Mungu. Wifi alikaa katikati yao anasimulia tukio asilolikumbuka hata kidogo, akiigiza nahodha anavyopiga mlango teke. Nilimtazama nikasema moyoni, yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Wiki kadhaa baadaye, tukiwa tumesharudi kwenye kazi, nilimkuta asubuhi amesimama mbele ya mlango wake wa nyumbani na ufunguo mkononi. Nikampita kwenda kuteka maji. Niliporudi alikuwa amesimama vilevile.

"Wifi, vipi?"

Alinionyesha ufunguo. "Hiki ni cha kufanyia nini?"

Nilidhani ananitania, kwa sababu ni mtu wa utani. Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama kwa macho ya mtoto anayesubiri kuambiwa.

Baada ya hapo ilikuwa kila siku kitu kipya kinaondoka. Alivaa gauni nyuma mbele akatembea nalo sokoni. Aliweka chumvi kwenye chai, akanywa, asione tofauti. Mwendo wake ukawa wa polepole, anaburuta miguu kama anayetembea matopeni. Kile kicheko kikazimika. Yule mtu wa maneno akawa anakaa barazani kutwa nzima mikono mapajani. Siku moja nilimpa beseni la mukene kama zamani, nikamwambia, "Niambie, wa leo au wa jana?" Aliingiza mkono, akautoa, akauangalia mkono. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikauma leso yangu ili asinisikie.

Mama mkwe alisema ni pepo la ziwani, limekasirika kwa sababu tuliponyoka. Akataka apelekwe kwenye maombi. Sikumbishia, ila nilisema, "Mama, maombi yafanyike, na mimi nimrudishe hospitali." Akakubali.

Daktari wa Tororo alimpima, akamwambia anyooshe mikono, ataje miezi. Wifi alifika mwezi wa tatu akakwama. Daktari akanigeukia na kunieleza kwamba hali hii anaijua: sumu ile hutoka mwilini, mgonjwa huamka, hurudi nyumbani anacheka, halafu baada ya siku nyingi ubongo huonyesha pale ulipoumia. Hutokea kwa baadhi ya watu, si wote.

"Kwa nini hamkutuambia?" nikamuuliza. Sauti yangu ilipanda.

"Ungeambiwa ungefanya nini?" akaniuliza bila ukali. "Tunawaambia watu warudi wakiona mabadiliko. Umerudi. Ni vizuri." Akasema wengi hupata nafuu, polepole, miezi, pengine mwaka. Asiachwe akakaa tu. Afanye kazi za mikono anazozijua, mtu awe naye.

Nani angekuwa naye? Mimi nilikuwa mwaloni, mume wangu kazini kwake, mama mkwe alikuwa shambani na macho yake hayaoni vizuri. Nilipomweleza Mama Uji, hakuniuliza chochote. Kila alipopata nafasi alivuka mpaka, akaja Busia, akakaa na wifi barazani na beseni la samaki aina ya ngege kati yao. Alimwekea kisu mkononi, akaushika ule mkono, wakaparua magamba pamoja. "Hivi. Tena hivi." Wifi alimfuata kama kivuli. Mama mkwe mwanzoni hakupenda kumwona mwanamke yule katika boma lake, alimjibu salamu kwa mdomo wa pembeni. Baadaye nilimkuta anamtengea kiti.

Ilikuwa miezi ya namna hiyo. Halafu siku moja nimerudi kutoka soko la Tororo, nasikia kelele barazani, nikakimbia nikijua kuna balaa. Nikamkuta wifi amesimama, amempokonya Mama Uji kisu.

"Mama, unaniharibia samaki!" anafoka. "Nani alikufundisha kupasua ngege hivyo? Huko kwenu mnakula miiba?"

Mama Uji alikuwa amekaa, mikono imejaa magamba, machozi yanamtiririka, anasema, "Nitukane, mwanangu. Endelea."

Hakurudi kamili. Hadi leo anasahau alichotumwa njiani, na jioni akichoka mguu mmoja unachelewa. Haji tena kulala mwaloni, ananingojea Busia, ananusa mzigo ninaoleta, na akisema wa jana, ni wa jana.

Mimi bado nalala Majanji. Nahodha alitutobolea kibanda juu na chini, akaweka wavu wa mbu, na upepo siku hizi unapita ndani kama zamani. Hata hivyo jiko haliingii, maana daktari aliniambia matundu si kinga ya kutegemea. Tunaota moto nje chini ya banda la wazi la Mama Uji mpaka tukauke. Nguo kavu naziweka ndani ya ndoo yenye kifuniko, sizigusi mpaka saa ya kulala. Nachemsha maji, natia kwenye jerikeni moja ndogo, nafunga kifuniko sawasawa, naizungushia gunia, nalala nayo miguuni. Inapoa kabla ya alfajiri, ndiyo, na ninaamka nina baridi. Ninaamka.

Watu kuwabadilisha ni kazi. Msimu huu wa mvua walikuja wachuuzi wapya wawili, mtu na mkewe kutoka Molo. Saa za magharibi Mama Uji akaona wanaingiza sigiri katika kibanda chao. Akawafuata.

"Toeni hiyo."

"Mama, imekolea," mwanamume akamwambia kwa upole. "Angalia, moshi hakuna."

Mama Uji hakuanza kueleza habari za hewa isiyo na rangi. Alipita kati yao, akainama, akaishika ile sigiri ya watu kwa leso yake, akatoka nayo mvuani. Makaa yakalia. Mwanamke akaja nyuma yake anapiga kelele kwamba amewadhulumu, kwamba wataumwa, kwamba yeye ni nani hapa mwaloni.

"Nitukaneni kesho asubuhi," Mama Uji akamjibu bila kugeuka.

Na asubuhi wakaja wote wawili, wakamtukana vizuri sana, naye akawachotea uji.